Fomu Iliyodai Mwenyeji

Nianze na jambo ambalo watu wa mtaa wetu wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, wanalijua tayari: nyumba yangu ina vigae vyekundu, na hakuna aliyenichangia hata kigae kimoja. Nilikaa Kenya miaka tisa. Nilianza kwa kuosha vyombo katika kambi ya watalii, nikamaliza nikiwa kiongozi mkuu wa misafara, na katikati ya hayo nikasoma stashahada ya utalii na wanyamapori, nikifungua madaftari adhuhuri wakati wageni wamelala mahemani mwao. Cheti changu nimekitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili anayekaribishwa akione kabla hajakaa. Wapo wanaosema ni majivuno. Mimi nasema kama wangekuwa nacho wangekitundika pia.

Kule nilikofanya kazi ni katika hifadhi za jamii, yaani ardhi ya wananchi wenyewe. Wafugaji waliunganisha maeneo yao, wakakubaliana wapi ng'ombe wachunge na wapi waachiwe wanyamapori, kisha wakawapangisha watu wa kambi. Kambi ni chache na magari ni machache. Mgeni anaweza kutembea kwa miguu na mwenyeji wa pale, akaonyeshwa unyayo wa chui na mti wa kusafishia kibuyu, jambo ambalo ndani ya hifadhi kubwa za serikali si rahisi kulipata. Nilipoona wazungu wanapanda ndege mbili ili kutembea na mchungaji, nikajiuliza: kwetu hakuna?

Kwetu kupo. Ukitoka Kibaha ukashika njia ya Mlandizi kwenda Maneromango, ukaendelea kusini mpaka nyumba zianze kuachana, utafika kwenye vijiji vinne vilivyotenga msitu na mbuga yao kwa pamoja. Upande wa pili ni hifadhi ya taifa, na tembo hawajui mpaka uko wapi. Wanavijiji wana askari wao wa kulinda wanyama, wana kamati, wana ofisi ndogo Kisarawe mjini, na walikuwa na eneo la kambi lisilo na mtu. Watu wa Dar wakisikia safari wanawaza kaskazini tu. Mimi niliona hapo pengo, na kuona pengo ndiyo kazi niliyoisomea.

Bosi wangu wa zamani, mama mmoja wa Kizungu aliyezaliwa Kenya, alikubali kunijaribu. Angeleta wageni saba mwezi wa saba, siku sita. Ikienda vizuri, kila msimu angekuwa na kundi kwangu. Lakini hakuwa mtu wa kubembeleza. Alitaka kibali kilichosainiwa na wenye ardhi kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nne. Bila hicho angewapeleka kaskazini kama siku zote. Mwisho wa barua pepe yake aliandika kwamba nafasi yangu ya zamani bado ipo, nikiitaka.

Sikuitaka. Nilikuwa nimeshamwambia mama yangu, anayelima mihogo na ufuta kule Janga na aliyekaa miaka tisa akiongea na mwanawe kwa simu, kwamba sirudi tena Kenya. Gari nilikuwa nimeshanunua. Lakini gari la safari bila safari ni chuma tu, na kundi hili ndilo lilikuwa mlango wangu wa kwanza. Likiondoka, nami ningeondoka. Hesabu ilikuwa fupi hivyo.

Basi nikaanza kupanga, na kupanga najua. Watu wanadhani safari ni kuwasha gari na kuomba simba atokee. Mimi naanza na matope. Kusini kule kuna udongo mweusi ambao masika ukiloana unashika tairi kama ugali unavyoshika mwiko; nikaamua hakuna mgeni kabla ya katikati ya mwezi wa saba. Nikapanga maji: lita ngapi kwa kila kichwa, za kunywa na za kuoga, na kisima gani ndicho cha akiba. Nikapanga siku ya kwanza iwe fupi, kwa sababu mgeni aliyeshuka kwenye ndege anasinzia hata mbele ya simba. Nikapanga matembezi asubuhi, kivuli mchana, gari jioni. Nikachora ramani kwa mkono kwenye daftari, kisha nikaiingiza kwenye kompyuta. Bosi alipoiona aliandika neno moja tu la kuridhika, na yule mama akikupa neno moja umepewa mengi.

Kilichobaki ni kibali. Nikaenda Kisarawe Jumatatu asubuhi, nimevaa shati la kazi lenye nembo ya kampuni yangu. Kampuni ina mtu mmoja, ambaye ni mimi, lakini nembo ni nzuri.

Katibu wa hifadhi ya vijiji alikuwa mwanamke wa makamo, Mnyamwezi aliyeolewa huku zamani. Aliposikia jina la ukoo wangu akaweka kalamu chini.

"Kumbe Mzaramo," akasema. "Karibu mtani. Mmekuja wangapi? Maana Mzaramo haendi ofisini peke yake, lazima ngoma itangulie."

"Ngoma nimeiacha nje, mtani, nimeogopa utaomba uibebe. Si ndiyo kazi yenu Wanyamwezi, kubeba mizigo?"

Akacheka mpaka akashika meza. Nikajua tumefika. Nikamwekea mbele mpango wangu, kurasa kumi na mbili, ramani ya rangi, barua ya bosi, na nakala ya cheti changu. Akafungua ukurasa mmoja mmoja bila haraka.

"Hii kazi safi," akasema. "Sijawahi kuletewa mpango wenye mpaka choo. Umesomea?"

"Nimesomea, na nimeifanya miaka tisa."

"Haya." Akatoa fomu, kurasa mbili zilizopigwa chapa. Nikaijaza palepale: idadi ya wageni, idadi ya magari, silaha hakuna, siku sita. Mstari wa mwisho ulisema: Jina la mwenyeji. Nikaandika jina langu.

Akaigeuza ile fomu, akaisoma, akanirudishia.

"Hapa umejikaribisha mwenyewe, mtani."

Akanieleza. Miaka michache kabla ya hapo alikuja mtu na kampuni yake, ana barua nzuri kama zangu. Akaleta wageni mara tatu. Mara ya tatu walikata miti ya kuotea moto ndani ya msitu, wakaacha shimo la taka wazi, fisi wakalizoea, na kutoka kwenye lile shimo fisi wakahamia kwenye mabanda ya mbuzi. Vijiji vikampigia simu, simu haipatikani. Hawakujua nyumbani kwake, hawakujua ndugu yake hata mmoja. Tangu hapo mkutano uliamua: kila anayeleta wageni lazima awe na mwenyeji, mtu anayejulikana katika vijiji vile vinne, asimame mkutanoni na kusema huyu ni wangu. Ukikosea wanakwenda kwake. Na safari ya kwanza mwenyeji anakwenda nayo.

"Lakini mimi ni mtu wa hapahapa," nikasema. "Mama yangu yuko Janga. Mimi ni Mzaramo, wao Wazaramo."

"Janga ni Janga, kule ni kule. Wazaramo mko wengi, nyie mpaka kwenye vumbi mnatoka. Nani kule anakujua wewe, kwa sura?"

Kenya nilikuwa nashughulika na meneja: unakaa, mnapatana, mnasaini. Nikamwambia hivyo. Akasema kule ardhi ina wapangishaji, huku ardhi ina wenyewe, na mkutano utakaa Jumatano ya wiki inayofuata. Ukipita huo, mwingine ni mwezi wa sita.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Mtani. Hapa mjini kuna mzee anauza mbegu na majembe, njia ya kupandia hospitali. Kule vijijini wanamwamini kuliko redio. Ana mke wa pili kutoka kulekule. Mwone yule."

Nilimshukuru, nikatoka, nikakaa ndani ya gari bila kuliwasha. Sikuhitaji kuelekezwa duka lile. Nimelala ndani yake miaka minne. Mwenye duka ni mjomba wangu, kaka wa mama tumbo moja, na wakati huo tulikuwa hatuzungumzi.

Inabidi nieleze, na nitaeleza kama ilivyokuwa. Nilipofaulu darasa la saba, Janga ilikuwa mbali na shule ya sekondari niliyopangiwa. Mjomba akanichukua Kisarawe. Nililala dukani, nyuma ya magunia ya mbegu, asubuhi nikichota maji kabla ya kwenda shule kule juu. Alinipa chakula, sare, na kazi. Sikuwahi kusema hakunipa. Lakini niliporudi kutoka Kenya na nyumba ikaisha, nikafanya Maulidi ya kuhamia. Nilialika watu kwa kadi ya kwenye simu. Kadi ilikuwa na picha ya nyumba, nimeichora mwenyewe, nikaituma kwenye kundi la familia, wote wakaipata kwa sekunde moja. Mjomba naye akaipata hapo, kwa sekunde hiyohiyo, pamoja na binamu wa mbali na jirani aliyeongezwa kwenye kundi kwa makosa.

Kwetu hufanyi hivyo. Mjomba anaambiwa wa kwanza, anaambiwa na mtu, aliyekaa mbele yake na kuvua viatu. Mtoto akiingia jandoni anaulizwa mjomba, akioa anaulizwa mjomba, na nyumba ikifunguliwa mjomba ndiye anayetangulia kuingia. Nilijua. Sisingizii kwamba nilisahau. Nilidhani miaka tisa imenitoa kwenye mambo hayo.

Hakuja. Na siku hiyo nikashika kipaza sauti nikasema kwamba nyumba hii imejengwa na Mungu na mikono yangu hii miwili, na hakuna aliyenibeba. Mtu akarekodi. Video ikaingia kwenye kundi. Kundi lote likaweka makofi, isipokuwa namba moja.

Jioni ile ya Jumatatu nikaenda Janga. Mama alikuwa anamenya mihogo. Nikamweleza habari ya fomu mpaka mwisho, pamoja na ile barua ya bosi. Hakuacha kumenya.

"Kwa hiyo ukikosa mtu unarudi Kenya."

"Ndiyo, mama."

"Na mtu mwenyewe ni kaka yangu."

"Ndiye."

"Mimi nilikuwa nangoja," akasema. "Nilijua utamhitaji, ila nilidhani ni kwenye kuoa." Akatupa ganda. "Kesho kutwa tunakwenda. Mjomba haendewi peke yako, wala mikono mitupu. Na hilo shati lenye maandishi ulivue."

Jumatano asubuhi nikampitia. Tulichukua kanzu mpya, sukari, na jogoo mmoja wa mama ambaye alilalamika njia nzima kwenye siti ya nyuma. Dukani kulikuwa na wateja. Mjomba alituona tukiingia. Nikasema shikamoo mjomba. Akasema marahaba, kisha akamgeukia mama mmoja aliyetaka mbegu za bamia, akampimia, akamweleza umbali wa mashimo, akamweleza tena. Akaja mwingine anataka mpini wa jembe. Mjomba akamtolea mipini mitano, akaisimamisha mmojammoja ukutani. Mama yangu alikaa kwenye benchi na jogoo mapajani, ametulia kabisa. Nami nikasimama. Nilisimama nikitazama yale magunia ya nyuma, ambayo nilikuwa najua hata leo lipi linakwaruza.

Mteja wa mwisho alipoondoka, mjomba akafuta mikono.

"Umekuja kama mpwa au kama mkurugenzi?"

"Kama mpwa, mjomba."

"Mkurugenzi umemwacha wapi?"

"Nyumbani. Mama kamkataza kuja."

Mama akacheka kidogo. Mjomba hakucheka.

"Niliona sinema yako," akasema. "Mikono miwili. Nikaitazama mara tatu nione kama kuna wa tatu. Sasa hiyo mikono miwili imeshindwa nini?"

Nilikuwa nimepanga hotuba. Katika kazi yangu nimewahi kumtuliza mgeni aliyeketi mita kumi kutoka kwa nyati, sikosi maneno. Lakini nilivua viatu, nikakaa chini kwenye sakafu ile ya saruji, nikasema nilikosea kukuambia kwa simu, na nilikosea zaidi kusema sikubebwa. Nikasema nilikaa hapa miaka minne na sikuwahi kulala njaa. Sikuongeza kitu; habari ya fomu na mkutano aliieleza mama. Mama akasogeza lile furushi la kanzu mbele kwa mguu, taratibu, kama vile lilikuwa limejisogeza lenyewe.

Mjomba akauliza, "Huko kwenye vijiji, wageni wako watakanyaga mashamba?"

"Hapana. Njia nimezichora."

"Nani kakuchorea?"

"Mimi mwenyewe."

"Mwenyewe, mwenyewe," akasema. "Lete."

Nikafungua ramani juu ya kaunta. Akavaa miwani. Akaitazama kwa muda mrefu kuliko katibu. Kisha akaweka kidole mahali nilipopitisha gari asubuhi ya siku ya tatu.

"Hapa huwezi kupita mwezi wa saba. Ni njia ya tembo kwenda mtoni."

"Ndiyo sababu nimeichagua."

"Hapana. Mwezi wa saba watu wanavuna ufuta ng'ambo hii. Tembo wakifukuzwa na gari lako asubuhi, wataingia upande wa watu. Wale watu mimi nimewauzia mahindi ya siku tisini ili wavune kabla tembo hawajashuka, miaka yote hii tunahesabu siku. Wewe unataka kuwashusha mapema kwa ajili ya picha."

Sina tabia ya kukubali kusahihishwa ramani. Kenya mimi ndiye niliyekuwa nasahihisha za wengine. Lakini alisema kweli, na kosa hilo ndilo ambalo chuoni hawawezi kukufundisha kuliona, kwa sababu halimo kwenye udongo wala kwenye nyayo, limo kwenye kalenda ya mtu mwingine. Nikachukua penseli, nikahamisha njia. Akatazama mkono wangu ukichora.

"Jumatano nitakuja," akasema. "Nitakachosema sikuambii. Jogoo mwacheni."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Nilikagua tairi, nikakagua tena. Bosi aliandika kuuliza kibali kimefikia wapi, nikajibu kiko njiani, jambo ambalo halikuwa uongo ila halikuwa kweli yote. Mama alipiga simu kila jioni kuuliza nimekula nini, na kila jioni kabla ya kukata aliuliza kama ile barua ya Kenya nimeijibu. Nilimwambia bado.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa la shule ya kijiji cha tatu, watu wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Mjomba alikuja na pikipiki ya kukodi, amevaa ile kanzu. Alisalimiwa na kila mtu kwa kupeana mikono, wanawake walimuuliza habari za mke mdogo, naye akajibu mmojammoja. Hakukaa karibu nami.

Nikapewa nafasi ya kueleza. Nilieleza vizuri, sina haja ya kuficha. Niliongea bila karatasi: siku, magari, kuni tutaleta wenyewe, taka zitarudi Kibaha kwenye mapipa, askari wa kijiji wawili kila matembezi, chakula tutanunua kwao. Wakanisikiliza. Kisha mtu mmoja wa makamo akasimama nyuma.

"Maneno matamu tumeshayala," akasema. "Yule wa fisi naye alikuwa na maneno. Huyu akipotea tumfuate wapi? Mwenyeji wake nani?"

Katibu akatazama fomu, akanitazama, akatazama darasa. "Mwenyeji asimame."

Mjomba hakusimama mara moja. Kwanza alikunja mikono ya kanzu. Nahesabu hizo kuwa ndizo sekunde ndefu zaidi nilizowahi kukaa kwenye dawati, na nimefanya mitihani mingi.

"Mimi nitasema ninachokijua," akasema alipoinuka. "Huyu kijana ana majivuno. Hilo mlijue mapema msije mkasema sikuwaambia. Alikaa kwangu miaka minne, kila siku ananieleza namna ya kupanga duka langu."

Darasa likacheka. Nikatazama meza.

"Akisema anafika saa moja, anafika saa kumi na mbili na nusu, anakaa kukuonyesha kwamba umechelewa. Ndoo ya maji akiibeba hamwagi. Ramani yake ilikuwa na kosa moja kubwa, nikamwambia, akalifuta mbele yangu. Na kufuta kwake kunamuuma, niliona." Akasubiri kicheko kipite. "Mnauliza mwenyeji. Mwenyeji ni wa mgeni. Huyu si mgeni wangu, ni mtoto wa dada yangu. Mgeni akikosea mnakuja kwangu kulalamika. Huyu akikosea njooni na fimbo, mimi nitamshika. Duka langu mnalijua, halina magurudumu."

Akakaa. Yule mtu wa nyuma akasema basi, kama ni hivyo yeye hana neno, ila fimbo ataichagua yeye. Mikono ikainuka. Katibu akapita na fomu, mjomba akaandika jina lake polepole, herufi kubwa, na pale jina langu lilipokuwa nikalipiga mstari mwenyewe.

"Mtani," katibu akaninong'oneza, "leo umebebwa mpaka Mnyamwezi naye ameona. Na sisi mizigo tunaijua."

Alasiri askari wawili wa kijiji walitupeleka kuona eneo la kambi, kwa sababu mwenyeji lazima alijue. Tulitembea kwa miguu. Nilitangulia na soksi yangu ya majivu, ile ninayoitikisa hewani ili kuona upepo unakwenda wapi. Karibu na mto nikainua mkono, wote wakasimama. Tembo saba, wawili wadogo, wanachuma majani upande wa pili wa korongo. Nikatikisa soksi, majivu yakaja usoni kwetu. Upepo ulitoka kwao, harufu yetu haikuwafikia; tulikuwa salama. Nikawasogeza watu hatua ishirini kushoto, kwenye kivuli, nikawaambia wakae.

Mjomba alikaa kwenye majani na kanzu yake. Baada ya muda akaninong'oneza, "Kwa nini hawakimbii?"

"Hawajui tupo."

"Mimi tangu nianze kuuza mbegu nawaona kwa mgongo tu," akasema. "Wanakimbia, au sisi tunakimbia. Sikujua kwamba wanakula kwa utulivu hivi." Mtoto mmoja wa tembo alikuwa anajaribu kung'oa mche na kushindwa. Mjomba akamtazama mpaka akafanikiwa. Kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe hiyo soksi."

Nikampa. Akaitikisa kidogo, akatazama majivu yakielea, akaitikisa tena. Kwa nusu saa nzima upepo wa wilaya ya Kisarawe ulikuwa mikononi mwa muuza mbegu, na sikumsahihisha hata mara moja, kwa kuwa alikuwa anaifanya sawasawa.

Kwenye kurudi alitoa masharti mawili. La kwanza, Ijumaa ya safari gari lisimame Maneromango ili aswali, wageni wanaweza kunywa chai na kutazama watu. La pili, yeye anakaa siti ya mbele.

Alhamisi nilituma kibali, kilichopigwa mihuri ya vijiji vinne, siku moja kabla ya mwisho. Nikatuma pia ratiba mpya: njia ya siku ya tatu imehama, chai ya Ijumaa imeongezwa, siti ya mbele imechukuliwa. Kisha nikampigia mama. Nikamwambia ile nafasi ya Kenya nimeandika kuikataa, wampe mwingine. Akasema, "Haya," kisha akasema Jumapili nije na gunia, mihogo ni mingi.

Bosi alijibu jioni ileile. Amefurahi, tarehe amezithibitisha, ila ana swali moja. Kwenye orodha ya watu kuna mmoja hamjui, ameandikwa mwenyeji. Ana sifa gani? Ana cheti cha uongozaji?

Nikamjibu kwamba hana. Cheti ninacho mimi. Yeye ndiye kibali.